Namna ya Kuitambua Sarafu ya Fedha ya Italia ya Enzi za Kati Iliyopigwa kwa Nyundo

Mtu anayeshika kwa mara ya kwanza sarafu ya fedha iliyotengenezwa Italia kati ya karne ya 8 na karne ya 15 aghalabu hukimbilia maandishi. Hutafuta jina la mfalme, kisha hulilinganisha na orodha ya watawala na kuandika mwaka. Njia hiyo ni ya haraka, lakini kwa sarafu za Italia hupotosha mara nyingi, kwa kuwa miji kadhaa ya huko iliendelea kuandika jina la mtawala aliyekwisha kufa kwa miongo mingi, na mingine kwa karne nzima na zaidi. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine. Unaanza na mwili wa sarafu, yaani uzito, umbo na ukingo wake, unaendelea na picha, na ndipo unapofika kwenye maandishi, ambayo wakati huo yatakuwa na ushahidi mwingine wa kuyathibitisha au kuyakanusha.

Vifaa na namna ya kushika

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Cha lazima kuliko vyote ni mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kama ile wanayotumia masonara, kwa sababu sarafu mbili zenye sura moja zinaweza kutofautiana kwa robo ya gramu tu. Unahitaji pia kalipa ya kupimia kipenyo kwa milimita, lenzi inayokuza mara 10, na taa moja inayoweza kusogezwa. Taa ya dari peke yake haifai, kwa kuwa inamulika sarafu kutoka juu na kuzificha herufi zilizolika. Weka taa chini, ubavuni, mwanga upite karibu sambamba na uso wa sarafu, kisha uigeuze sarafu polepole. Herufi iliyokuwa haionekani kabisa itajitokeza kwa kivuli chake.

Fanya kazi juu ya meza iliyotandikwa kitambaa kinene, na uishike sarafu ukingoni kwa vidole vikavu. Fedha iliyokaa ardhini kwa karne nyingi inaweza kudhoofika kwa ndani hata kama uso wake unaonekana mzima, hivyo sarafu nyembamba yenye uzito wa chini ya nusu gramu ikianguka sakafuni huweza kuvunjika. Kwa sababu hiyohiyo usijaribu kuinyoosha sarafu iliyopinda. Tahadhari hii inazihusu zaidi sarafu ndogo zilizobonyea katikati kama kisahani, kwa kuwa denari ndogo za Venezia na za baadhi ya miji jirani zilitoka kiwandani zikiwa na umbo hilo, na anayezinyoosha anaharibu alama mojawapo inayozitambulisha.

Alama zilizoachwa na nyundo

Ni vigumu kuhukumu sarafu hizi bila kujua zilivyotengenezwa, na hapa inafaa kutulia kidogo. Fedha iliyotoka kwenye migodi kama ile ya Friesach katika milima ya Alpi na Freiberg kaskazini mwake, Montieri katika Toscana, au Iglesias katika kisiwa cha Sardinia, iliyeyushwa pamoja na kiasi cha shaba kilichoamriwa na mji. Iliyeyuka ikamiminwa, ikafuliwa kuwa bamba, na bamba likakatwa kwa mkasi kuwa vipande vya mviringo. Vipande vilipimwa, vikapashwa moto ili vilainike, vikaoshwa katika maji yenye chumvi na asidi ili vitoe weusi wa moto, ndipo vikapelekwa kupigwa chapa.

Chapa zenyewe zilikuwa mbili, zote za chuma. Ya chini ilikazwa katika gogo zito la mti, na ya juu ilishikwa kwa mkono. Mfanyakazi aliweka kipande cha fedha juu ya chapa ya chini, akasimamisha chapa ya juu, akapiga kwa nyundo mara moja, mbili au tatu. Chapa ya juu ndiyo iliyopokea pigo moja kwa moja, kwa hiyo iliharibika na kubadilishwa mara nyingi kuliko ile ya chini. Ndiyo maana utakuta sarafu nyingi ambazo upande wao mmoja ulitoka katika chapa ileile, ilhali upande wa pili umetoka katika chapa tofauti.

Kutokana na kazi hiyo ya mkono, kila sarafu halali inabeba dalili ambazo mtu aliyezoea sarafu za mashine huziona kuwa kasoro. Picha mara nyingi haikai katikati, na sehemu ya maandishi hukatika kwa kuwa kipande kilikuwa kidogo kuliko chapa. Ukigeuza sarafu, picha ya nyuma inaweza kuwa imelala upande wowote, kwa sababu katika viwanda vingi hakuna aliyejali chapa ya juu imeelekea wapi. Mahali ambapo picha ya upande mmoja imeinuka sana, upande wa pili palepale huweza kuwa bapa na butu, kwa kuwa madini hayakutosha kujaza chapa zote mbili. Pigo la pili lililoteleza huacha mstari maradufu wa herufi au pua mbili usoni mwa mtakatifu, na nyufa fupi ukingoni huonyesha bamba lililofuliwa baada ya kupoa mno. Dalili hizi zitazame kwa makini na uziandike, kwa maana zitakusaidia sana tutakapofika kwenye sarafu za kughushi.

Mizani kabla ya macho

Mfumo wote wa sarafu hizi unaanzia kwa Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, aliyeuteka ufalme wa Walombardi mwaka 774 na ambaye miaka ishirini hivi baadaye aliweka kipimo kipya cha sarafu iliyoitwa denaro, kwa wingi denari. Denari 240 zilihesabiwa kuwa ratili moja, yaani lira, na denari 12 zilihesabiwa kuwa soldo moja. Kwa muda mrefu lira na soldo zilikuwa hesabu za kwenye daftari tu, kwa maana sarafu iliyopita mikononi mwa watu ilikuwa denaro peke yake. Denaro ya Karolo baada ya mageuzi hayo ilikuwa na uzito wa takriban gramu 1.7 na fedha yake ilikuwa nzuri.

Karne zilizofuata ziliila denaro polepole. Kila mji uliohitaji mapato au uliokosa madini ulipunguza uzito, au uliongeza shaba, au ulifanya yote mawili, na kufikia mwishoni mwa karne ya 12 denaro ya Venezia ilikuwa na uzito wa takriban gramu 0.36, tena robo yake tu ndiyo iliyokuwa fedha. Sarafu ya aina hiyo ilitosha kununulia mkate, lakini mfanyabiashara wa pilipili au wa hariri alilazimika kubeba magunia yake. Venezia ilijibu haja hiyo chini ya mtawala wake Enrico Dandolo, aliyekuwa na cheo cha doge kuanzia 1192 hadi 1205, kwa kutoa sarafu kubwa iliyoitwa grosso. Grosso ilikuwa na uzito wa takriban gramu 2.18, na sehemu kama 965 kati ya 1,000 zilikuwa fedha. Miji mingine nayo ilitoa grossi zake, kila mmoja kwa uzito wake. Huko Napoli, mfalme Karolo II wa nasaba ya Anjou alianzisha mwanzoni mwa karne ya 14 sarafu kubwa zaidi, gigliato, yenye takriban gramu 4. Enzi yenyewe inafika ukingoni na lira ya Nicolò Tron, iliyotolewa Venezia mwaka 1472 ikiwa na uzito wa takriban gramu 6.5 na sura halisi ya doge huyo.

Kwa hiyo mizani inakupa kundi kabla hujasoma herufi hata moja. Sarafu ndogo, nyeusinyeusi, yenye uzito wa chini ya gramu moja na rangi ya shaba inayochungulia kwenye sehemu zilizolika, karibu kila mara ni denaro ya mji wa karne ya 12 au baada yake, ingawa kundi hili lina ndugu mmoja mweupe, soldino ya Venezia, tutakayokutana nayo hapa chini. Nyeupe, yenye gramu moja na nusu hadi mbili na kitu, yaelekea kuwa grosso, lakini hakikisha kwanza si denaro ya kale ya akina Karolo, ambayo ni bapa, ina msalaba ulionyooka na maandishi makubwa ya wazi, na mara nyingi haina sura ya mtu. Nyeupe, pana, yenye karibu gramu nne, itafute Napoli kwanza.

Uzito pungufu usikutishe sana. Sarafu hulika kwa kutumika, na watu wa zamani walizoea kuzikata kingo ili wajipatie fedha ya bure, hivyo ukingo ulionyooka ghafla huku herufi zikiwa zimekatwa nusu ni ushahidi wa mkasi. Uzito uliozidi kipimo ndio wa kutilia shaka zaidi, kwa kuwa kiwanda hakikuwa na sababu ya kutoa madini bure, na grosso ya Venezia yenye gramu 2.6 inastahili maswali mazito.

Kuisoma picha

Grosso ya Venezia ndiyo mwalimu bora, kwa hiyo tuitazame kwa karibu. Kipenyo chake ni kama milimita 20. Upande wa mbele wamesimama watu wawili wanaotutazama. Kulia kwako ni Mtakatifu Marko, msimamizi wa mji, mwenye duara la nuru kichwani, naye anamkabidhi doge aliye kushoto bendera ambayo mti wake umesimama katikati yao. Kando ya mti huo zimeshuka herufi tatu, moja chini ya nyingine, zinazosomeka DVX, yaani cheo cha doge kwa Kilatini. Ubavuni kwa Marko pameandikwa S M VENETI, na ubavuni kwa doge ni jina lake kwa mkato. Upande wa nyuma Kristo ameketi kwenye kiti cha enzi akitutazama, na juu yake, kushoto na kulia, zipo herufi IC na XC, ambazo ni mkato wa Kigiriki wa jina Yesu Kristo. Herufi hizo za Kigiriki kwenye sarafu ya mji wa Kilatini zinaonyesha mfano wake ulitoka wapi, kwa kuwa wafanyabiashara wa Venezia walikuwa wamezizoea sarafu za Bizanti na walijua kwamba wateja wao wa mashariki walizoea kuona sura ya namna hiyo.

Mafanikio ya grosso yalizaa waigaji. Wafalme wa Serbia walitoa sarafu yenye picha ileile, mfalme akisimama mahali pa doge na Mtakatifu Stefano mahali pa Marko, na Venezia ilikereka kiasi cha kutunga sheria dhidi ya sarafu hizo mwaka 1282. Zinazotambulisha sarafu hizo ni herufi, hasa neno REX, yaani mfalme, mahali pa cheo cha DVX, na katika baadhi ya matoleo msalaba umechukua nafasi ya bendera. Katika mafungu ya sarafu yanayouzwa kwa jumla chini ya jina la Venezia, hizi za Serbia hujificha mara kwa mara, na zina thamani yake zenyewe kihistoria.

Baada ya grosso, Venezia ilitoa soldino katika miaka ya mwanzo ya 1330, wakati wa Francesco Dandolo. Ni sarafu ndogo nyeupe ambayo doge amepiga goti akishika bendera, na upande wa pili yupo simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma.

Miji mingine ina alama zake, na ukishazikariri chache utatambua sarafu nyingi kwa mtazamo mmoja. Genova ina jengo dogo la lango lenye minara, na neno IANVA likiizunguka picha. Firenze ina ua la yungiyungi upande mmoja na Yohane Mbatizaji upande wa pili, kwanza kwenye fiorino ya fedha ya karne ya 13, kisha kwenye ile maarufu ya dhahabu ya mwaka 1252. Bologna haina picha ya kiumbe kwenye bolognino yake. Ina herufi kubwa A katikati, na silabi BO, NO na NI zikiizunguka, ili A iwe ndiyo herufi ya mwisho ya BONONIA, jambo ambalo huwasumbua sana wanaoanza kwa kuwa huisoma A peke yake na kuutafuta mji unaoanza kwa herufi hiyo. Grosso ya Lucca ina uso wenye ndevu na taji, nao ni Uso Mtakatifu, sanamu ya Kristo inayoheshimiwa katika kanisa kuu la mji huo. Milano humketisha Mtakatifu Ambrosi, askofu wake wa kale, na chini ya ukoo wa Visconti sarafu zake huonyesha nyoka anayemmeza mtu. Siena hutumia herufi kubwa S na maneno SENA VETVS, yaani Siena ya kale.

Roma inahitaji neno la ziada. Maseneta wa mji huo waliiga kwanza denaro ya Provins, mji wa maonyesho ya biashara huko Champagne, Ufaransa, ambayo ilikuwa na picha ya chanuo. Kwa hiyo ukikuta denaro ndogo yenye chanuo, usiseme ni ya Ufaransa kabla hujatafuta maneno SENATVS na ROMA. Katikati ya karne ya 13, wakati Brancaleone d'Andalò alipokuwa seneta, Roma ilitoa grosso yenye simba upande mmoja, na upande wa pili Roma kama mwanamke aliyeketi, akizungukwa na maneno ROMA CAPVT MVNDI, Roma kichwa cha dunia.

Gigliato ya Napoli inamwonyesha mfalme ameketi kwenye kiti chenye vichwa vya simba, na nyuma yake ni msalaba uliopambwa, wenye maua ya yungiyungi katika pembe zake nne. Maandishi ya nyuma ni mstari wa Zaburi, HONOR REGIS IVDICIVM DILIGIT, kwamba heshima ya mfalme hupenda hukumu ya haki. Nyingi zina jina la Roberto, aliyetawala kuanzia 1309 hadi 1343, lakini zilipendwa sana mashariki ya Bahari ya Kati hata ziliendelea kupigwa baada ya kifo chake, na kuigwa na watawala wa Kituruki wa magharibi ya Anatolia. Kazi butu, herufi zilizovurugika na uso wa mfalme uliorahisishwa kupita kiasi ni dalili za nakala hizo za baadaye.

Maandishi, hatua kwa hatua

Tafuta kwanza msalaba mdogo ukingoni, kwa kawaida sehemu ya juu. Hapo ndipo maandishi ya mzunguko yanapoanza, nawe usome kwa kufuata mwendo wa saa. Kumbuka kwamba V hutumika mahali pa U, na I mahali pa J. Herufi hazikuchongwa moja moja kwa ukamilifu, zilijengwa kwa tindo chache zenye umbo la kabari na la mwezi mchanga, na matokeo yake A inaweza kukosa kistari cha kati na kufanana na V iliyopinduliwa, na N huweza kuonekana imegeuzwa. Kufikia karne ya 13 herufi za mviringo za Kigothi zinaingia, hasa E na M. Kistari au nukta juu ya herufi au mwisho wa neno humaanisha kwamba neno limefupishwa.

Andika kwenye daftari unachokiona tu, na kila herufi usiyoiona iwekee nukta. Usikamilishe neno kichwani mwako kabla ya kumaliza mzunguko. Nitoe mfano mmoja ambao huwaangusha wengi. Mji wa Ancona ulitoa katika karne ya 13 grosso iliyoitwa agontano, yenye msalaba na maneno DE ANCONA upande mmoja, na mtakatifu aliyesimama na maneno PP S QVIRIACVS upande wa pili. Ilikubalika sana hata miji jirani ikaiga, mmojawapo ukiwa Rimini, ulioandika DE ARIMINO na kumweka msimamizi wake, PP S GAVDECIVS. Sarafu iliyolika ikikuonyesha DE A tu, bado una miji miwili mkononi. Tazama herufi inayofuata, N au R, kisha geuza upande wa pili. Q na G zilizolika hufanana, hivyo usizitegemee, tafuta R na I katikati ya jina la Qviriacus au V na D katika jina la Gavdecius, na hizo zikipatikana shauri limekwisha.

Sasa tufike kwenye majina ya watawala. Genova ilipewa haki ya kupiga sarafu mwaka 1138 na Konradi III, mfalme wa Wajerumani, naye alifariki mwaka 1152, lakini jina lake lilibaki kwenye sarafu za mji huo kwa karne nyingi. Bologna ilipata haki yake mwaka 1191 kutoka kwa Kaizari Henri VI, aliyefariki 1197, na bolognino kubwa iliyoanza kutolewa katika miaka ya 1230 bado inasomeka ENRICVS. Lucca nayo iling'ang'ania jina la Otto kwa namna hiyohiyo. Miji haikufanya hivyo kwa uzembe. Jina hilo lilikuwa hati ya haki yake, na kulibadilisha kungeamsha maswali juu ya uhalali wa kiwanda pamoja na kuwatia wasiwasi wapokeaji waliozoea sura ile. Kwa sarafu za miji hii jina la mfalme linakupa tarehe ya mwanzo tu, na karne yenyewe lazima itoke kwenye uzito, kiwango cha fedha na umbo la herufi. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa nazo hazina mwaka, na wataalamu wa pwani yetu wamelazimika kuzipanga kwa ushahidi wa aina hiyohiyo.

Venezia ina huruma zaidi kwa mtafiti, kwa kuwa tangu enzi ya grosso madoge wake waliandika majina yao. Hata hivyo kuwa makini na koo zilizotoa watawala kadhaa. Jina la Dandolo linaweza kuwa la Enrico, la Giovanni wa 1280 hadi 1289, la Francesco wa 1329 hadi 1339, au la Andrea wa 1343 hadi 1354. Jina la Tiepolo huandikwa TEVPL, na kinachomtenganisha Giacomo wa 1229 hadi 1249 na Lorenzo wa 1268 hadi 1275 ni herufi ya kwanza tu, IA au LA. Mguu mfupi wa ile L ndio unaoamua kati ya vizazi viwili, na mara nyingi hauonekani mpaka taa ishuke chini kabisa ubavuni.

Kuitenga ya kughushi

Zipo za kughushi za zamani, ambazo ndani ni shaba na nje ni ngozi nyembamba ya fedha. Zitazame kwenye ukingo na kwenye mikwaruzo, ambako shaba huchungulia. Hizi ni sehemu halali ya historia na hazistahili kutupwa. Zinazoumiza wanunuzi ni zile za kisasa.

Nakala iliyomiminwa katika kalibu huwa na vitundu vidogo vya mapovu usoni, herufi zenye mabega ya mviringo kana kwamba zimelainishwa, na pengine mstari mwembamba unaozunguka ukingo mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Sarafu iliyopigwa kwa nyundo, hata ikiwa imelika, huonyesha chini ya lenzi mistari midogo inayotoka kwenye herufi kuelekea ukingoni, njia ambayo madini yalipita yalipobanwa. Nakala iliyogongwa kwa chapa mpya ni ngumu zaidi kuitambua, na njia ya kuaminika ni kulinganisha picha za sarafu kadhaa zinazouzwa. Sarafu mbili za nyundo zinaweza kutoka kwenye chapa moja, lakini haiwezekani zikalingana katika mahali pa ufa, mkato wa ukingo na pigo lililoteleza. Zikilingana katika hayo, zote mbili ni nakala za mama mmoja.

Wengi hushauri kupima msongamano kwa maji. Ushauri ni mzuri, ila lazima mtu ajue mipaka yake. Fedha safi ina msongamano wa 10.49 na shaba 8.96, na grosso nzuri ya Venezia inatarajiwa kufikia 10.4 hivi. Sarafu ya gramu 2.15 iliyoning'inizwa kwa uzi ndani ya maji itasukuma maji yenye uzito wa karibu gramu 0.206. Mizani inayokosea kwa gramu 0.01 tu itakupa jibu lolote kati ya takriban 9.9 na 11.0, yaani kutoka sarafu mbovu hadi nzito kuliko fedha yenyewe. Kwa sarafu ndogo hizi kipimo hicho kina maana ikiwa mizani inasoma sehemu ya elfu ya gramu na mapovu yote yameondolewa. Kipimo cha mionzi ya eksirei nacho husoma ngozi ya juu tu, na kule kuoshwa kwa asidi kiwandani, pamoja na karne za udongo, huondoa shaba usoni, kwa hiyo denaro duni inaweza kutoa jibu la fedha nyingi kuliko iliyomo ndani yake.

Usafi na utunzaji

Sababu hiyohiyo inaeleza kwa nini usisugue sarafu. Ngozi yenye fedha nyingi ni nyembamba mno, na dawa ya meno, majivu, limau au brashi huiondoa na kuacha wekundu wa shaba usiorudishika. Weusi wa kawaida ni matokeo ya salfa iliyomo hewani na hauli sarafu, basi uache. Udongo uloweke katika maji yaliyotoneshwa kwa siku kadhaa ukiyabadilisha, kisha ukaushe kwa kugusa kwa kitambaa bila kusugua. Hifadhi katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi au kibweta cha plastiki ngumu, na uziepuke zile pochi laini za plastiki zenye harufu, kwa kuwa hutoa kemikali zinazoacha utando wa kijani.

Kabla ya kununua, dai historia ya umiliki. Sheria ya Italia inavihesabu vitu vya kale vilivyochimbuliwa ardhini kuwa mali ya taifa, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Muuzaji wa haki ataweza kuonyesha risiti au orodha ya mnada wa zamani, na asiyeweza kusema sarafu ilikuwa wapi miaka kumi iliyopita hafai kununuliwa kwake, hata bei iwe nafuu kiasi gani.

Kisha iandikie kila sarafu kadi yake. Weka uzito hadi sehemu ya mia, kipenyo kikubwa na kidogo kwa kuwa si duara kamili, mwelekeo wa upande wa nyuma kwa kuutaja kama mshale wa saa, maandishi ya pande zote mbili pamoja na nukta za herufi zilizokosekana, maelezo ya mapigo na nyufa, picha mbili zilizopigwa kwa mwanga wa ubavuni, jina la aliyekuuzia na tarehe. Utambuzi wako uandike mwisho kabisa, kwa penseli.